Mashine ikilala, kazi za nyuma za draiva zizime mwenyewe: usiiachie kerneli ikugandishie

mlezi_wa_draiva (Kisumu)

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Uzi huu ni mrefu. Ni wa wanaoandika draiva za Linux, yaani programu za ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) zinazoendesha vifaa, na wa yeyote anayetunza mashine zinazolala na kuamka mara kwa mara.

Kazi iliyonifanya niuandike iko Usenge, upande wa Siaya, kwenye vizimba vya ngege. Wafugaji wa pale watakwambia saa mbaya ni alfajiri. Mchana mwani unatoa oksijeni majini, usiku unaivuta, na kabla ya jua kuchomoza kiwango kinakuwa kimeshuka kabisa. Kwa hiyo kuna bodi ndogo ya ARM inayotumia sola na betri, na kipima oksijeni kimeunganishwa kwa I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha vifaa vidogo). Bodi inalala, RTC (saa yake isiyolala) inaiamsha, inapima, inatuma ujumbe kama hali ni mbaya, inalala tena. Isipolala, betri haifiki asubuhi.

Shida ilikuwa hii: mara nyingi ilipoamka, programu ilisoma sifuri na kutuma tahadhari. Mtu anaamshwa saa tisa usiku, anakimbilia ziwani na tochi, anakuta samaki wake salama. Akidanganywa hivyo mara kadhaa atazima simu, na siku oksijeni itakaposhuka kweli atapoteza kizimba kizima. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie hili ni jambo dogo la kurekebisha kwa kupuuza kipimo cha kwanza.

Kwenye dmesg (logi ya kerneli) mstari wa maana ulikuwa huu:

`i2c i2c-1: Transfer while suspended`

Huo mstari unasema kila kitu. Draiva tuliyokabidhiwa ilikuwa inasoma kipimo kila sekunde 5 kwa `delayed_work` (kazi ya nyuma inayosubiri muda wake) iliyopangwa kwa `schedule_delayed_work()`. Mashine ilipoanza kulala, hakuna aliyeiambia hiyo kazi isimame. Ikaendelea kuomba data kwa kidhibiti cha I2C ambacho tayari kimelazwa, kerneli ikakataa na kurudisha `-ESHUTDOWN`, na draiva, badala ya kupitisha hitilafu hiyo juu, ikaandika 0 kama vile ni kipimo halali.

Sasa tuangalie mpangilio wenyewe, maana wengi wanadhani kulala ni tukio moja. Ukiandika `mem` kwenye `/sys/power/state`, kwanza wanaojiandikisha kupata taarifa wanapata `PM_SUSPEND_PREPARE`. Kisha programu za kawaida zinagandishwa, halafu zile thredi za kerneli (mikondo yake ya kazi) zilizokubali kugandishwa. Baada ya hapo vifaa vinapitia hatua za `prepare`, `suspend`, `suspend_late` na `suspend_noirq`, kifaa mtoto kikitangulia kulala kabla ya mzazi wake. Kuamka ni kinyume: mzazi anaanza, mtoto anafuata, na programu za kawaida zinaachiliwa mwishoni kabisa.

Neno la kushika hapo ni "zilizokubali". Thredi ya kerneli haigandishwi isipoomba. Imekuwa hivyo tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007. Kabla ya hapo zote ziligandishwa isipokuwa zilizojitoa. Leo thredi isipoita `set_freezable()` na kupita mara kwa mara kwenye `try_to_freeze()`, itaendelea kukimbia vifaa vikiwa vinazimwa. Foleni za kazi (workqueue), zinazoendesha kazi za nyuma kwa zamu, nazo ni vilevile: foleni ya kawaida ya mfumo, ile ambayo `schedule_delayed_work()` inaitumia, haigandishwi. Kazi yako itaamka katikati ya shughuli na kugonga mlango wa kifaa kilichozimwa.

Msimamo wangu, na nitautetea hapa: draiva inayomiliki kazi ndiyo iisimamishe, ndani ya `suspend` yake, na ndiyo iianzishe tena ndani ya `resume`. Mwenye hoteli ya samaki kando ya ziwa akifunga, kwanza anakataa wateja wapya, kisha anawangoja waliokwisha kaa wamalize, ndipo anazima jiko. Akianza na jiko, kuna watu wameketi na samaki mbichi mezani. Mpangilio wa draiva ni huohuo:

```
static int oks_suspend(struct device *dev)
{
	struct oks *o = dev_get_drvdata(dev);
	int ret;

	WRITE_ONCE(o->imelala, true);
	cancel_delayed_work_sync(&o->soma);

	ret = oks_zima_kipimo(o);
	if (ret) {
		WRITE_ONCE(o->imelala, false);
		schedule_delayed_work(&o->soma, HZ);
	}
	return ret;
}

static int oks_resume(struct device *dev)
{
	struct oks *o = dev_get_drvdata(dev);
	int ret;

	ret = oks_washa_kipimo(o);
	if (ret)
		return ret;

	WRITE_ONCE(o->imelala, false);
	schedule_delayed_work(&o->soma, msecs_to_jiffies(500));
	return 0;
}
```

Mambo mawili msiyapite haraka. La kwanza ni hiyo `_sync`. Bila `_sync`, `cancel_delayed_work()` inaondoa kazi inayosubiri zamu tu. Ile ambayo tayari inakimbia kwenye prosesa nyingine haiingojei. Ukizima kipimo hapo, umekizima katikati ya usomaji.

La pili ni ile sehemu ya `if (ret)` ndani ya `suspend`. Ukirudisha hitilafu, kerneli inaacha safari nzima ya kulala na kuviamsha vifaa vilivyokwisha lala. Kifaa chako hakimo kati ya hivyo, kwa sababu hakikufanikiwa kulala, kwa hiyo `resume` yako haitaitwa. Usipoirudisha kazi mwenyewe papo hapo, mashine itabaki macho, kila kitu kitaonekana kizima, na kipimo hakitasomwa tena mpaka ifanikiwe kulala na kuamka, au mtu aizime na kuiwasha. Kwa mfugaji huo ukimya ni hatari kuliko tahadhari ya uongo.

---

bonde_sysadmin (Nakuru)

Mkuu, uzi mzuri. Mimi siandiki draiva, natunza maabara ya kompyuta huku Nakuru. Laptopu zetu zinagoma kulala, hasa stima ikipotea. Mwanafunzi anafunga kifuniko, skrini inazima, baada ya muda mashine inarudi na joto lake kwenye begi. Logi inasema:

`Freezing user space processes failed after 20.006 seconds (1 tasks refusing to freeze, wq_busy=0):`

Chini yake kuna jina la programu ya kufungulia mafaili. Niongeze muda kwenye `/sys/power/pm_freeze_timeout`? Naona ni 20000.

---

mlezi_wa_draiva

Ndugu, usiongeze. Hizo ni milisekunde, yaani sekunde 20, na programu ambayo haikuganda kwa sekunde 20 haitaganda kwa 60. Utaongeza tu muda wa laptopu kuchemka ndani ya begi.

Nikuulize kwanza: folda za wanafunzi zinatoka kwenye seva kwa sshfs (kufungua folda za seva kupitia SSH)?

---

bonde_sysadmin

Ndiyo, sshfs. Seva haina betri, ina UPS ya dakika chache tu.

---

mlezi_wa_draiva

Basi hiyo ndiyo sababu. Kerneli ikitaka kugandisha programu ya kawaida inaigutusha kana kwamba imepata ishara, ili ipite mahali inapoweza kusimama salama. Programu yako imeomba faili kupitia FUSE (njia ambayo sshfs inatumia, ya programu ya kawaida kuhudumia mafaili) na inangoja jibu. Seva imezimika, jibu haliji, na ngojea ya aina hiyo haikatizwi na mguso wa kugandisha. Hata seva ikiwa hai shida inaweza kutokea: sshfs yenyewe ni programu ya kawaida, kwa hiyo inaweza kugandishwa kabla ya yule anayeitegemea, na huyo akabaki anangoja jibu kutoka kwa aliyeganda.

Dawa ni kuachia hizo folda kabla kugandisha hakujaanza. Kwenye systemd weka skripti ndani ya `/usr/lib/systemd/system-sleep/`. Itaitwa na neno `pre` kabla ya kulala na `post` baada ya kuamka. Kwenye `pre` jaribu `fusermount -u`. Ikishindikana, andika 1 kwenye faili la `abort` la muunganisho husika chini ya `/sys/fs/fuse/connections/`. Huo mwisho unawatoa wote waliokwama wakingoja, lakini aliyekuwa anaandika faili anapata hitilafu, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho. Kwenye sshfs yenyewe ongeza pia `ServerAliveInterval=15`, ili muunganisho uliokufa ujulikane mapema.

---

nasimiyu_c (Kakamega)

Mulembe wadau. Kaka mlezi, nakubaliana na mengi ila naona unazungusha. Tengeneza foleni yako kwa `alloc_workqueue()` na `WQ_FREEZABLE`, au tumia tu `system_freezable_wq`. Mstari mmoja. Kerneli yenyewe inaisimamisha kabla ya vifaa kuguswa na kuiachilia baada ya vyote kuamka. Kwa nini niandike alama ya `imelala` na kufuta kazi kwa mkono?

---

mlezi_wa_draiva

Dada, swali hili nililingoja, kwa sababu njia hiyo inafanya kazi kwa draiva nyingi na ndiyo maana watu hawaoni mipaka yake.

Foleni ya aina hiyo ikigandishwa, kazi iliyokwisha anza inaachwa imalize, na mpya zinapangwa bila kuendeshwa. Hapo ni sawa. Sasa fikiria mtu mwingine, miezi kadhaa baadaye, anaongeza `flush_work()` ndani ya `suspend` ya draiva hiyohiyo, kwa nia njema kabisa. Kazi imo foleni, foleni imeganda, haitaendeshwa mpaka mashine iamke, na mashine haiwezi kulala mpaka `suspend` irudi. Umekwama moja kwa moja, na hakuna hata mstari wa kukulaumu. Ukiwa na bahati kerneli yako ina `CONFIG_DPM_WATCHDOG`, itaangusha mfumo ikionyesha draiva iliyokwama.

Pili, kugandisha hakujui chochote kuhusu kipimo chako. Wakati wa kuachiliwa, kazi iliyokwisha fika zamu yake inakimbia papo hapo. Kipimo cha oksijeni kinahitaji kutulia baada ya kupewa umeme, na ndiyo maana kwenye `resume` nimeweka nusu sekunde. Uamuzi huo ni wa draiva, hakuna mwingine anayeujua.

Tatu, kugandisha kunatokea mfumo mzima unapolala, basi. Kifaa kinapozimwa peke yake kwa runtime PM mfumo ukiwa macho, hakuna kinachogandishwa. Ukitegemea `WQ_FREEZABLE` utaandika ulinzi mara mbili kwa njia mbili tofauti.

Mahali ambapo kugandisha kuna haki yake kamili ni kulala kwenye diski. Pale kerneli inachukua picha ya kumbukumbu nzima na kuiandika. Thredi ikiandika kwenye mfumo wa mafaili baada ya picha kuchukuliwa, siku ya kuamka kumbukumbu inasema hivi na diski inasema vile, na mafaili yanaharibika. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya utaratibu wote kuwepo. Kazi yako ikigusa mafaili, igandishe. Ikigusa kifaa, isimamishe.

Hata wakuu wa kerneli wamelibishania hili. Kwenye Kernel Summit ya 2015 kule Seoul, Jiri Kosina alitetea wazo la kuondoa kabisa ugandishaji wa thredi za kerneli, kwa hoja kwamba watu wanautumia kiholela bila kujua unawalinda na nini. Haukuondolewa. Peter Zijlstra aliandika upya sehemu kubwa ya msingi wake, ikaingia kwenye toleo la 6.1 mwishoni mwa 2022, na sasa thredi iliyoganda ina hali yake maalumu, `TASK_FROZEN`.

---

nasimiyu_c

Hiyo ya `flush_work()` imeniingia. Nina draiva ya mzani ambayo ina vyote viwili, naenda kuiangalia sasa hivi. Ila kwa thredi yenye mzunguko wake mwenyewe, isiyo foleni?

---

mlezi_wa_draiva

Kama inaweza kuwa `delayed_work`, ibadilishe. Thredi nyingi za kusoma kifaa kila baada ya muda hazikuhitaji kuwa thredi. Ikibidi ibaki, tumia `kthread_park()` kwenye `suspend` na `kthread_unpark()` kwenye `resume`, na ndani ya mzunguko ikague `kthread_should_park()` na kuita `kthread_parkme()`. `kthread_park()` inangoja mpaka thredi imeegesha kweli, kwa hiyo ikirudi unajua hakuna anayegusa kifaa.

---

ondiek_embedded (Bondo)

Mimi niko karibu na hiyo kazi ya vizimba. Kuna kitu hujakitaja. Baada ya kurekebisha tahadhari ya uongo, tuliona bodi inaamka na kutoa kipimo kizuri, lakini ni kile cha kabla ya kulala. Programu inasoma sysfs (mafaili ambayo draiva inatolea kipimo) kabla ya usomaji mpya, inapata namba ya zamani, inalala tena imeridhika.

---

mlezi_wa_draiva

Asante sana kwa kulileta, na hili ni baya zaidi kwa sababu halionekani kwenye logi yoyote.

Draiva ilikuwa inapima umri wa kipimo kwa `jiffies`, kihesabu cha mapigo ya saa ya kerneli. Mashine ikilala, `jiffies` zinasimama, na `CLOCK_MONOTONIC` nayo haihesabu muda wa usingizi. Bodi imelala dakika 20, ikiamka draiva inaona kipimo kina umri wa sekunde 2 na kukitoa kama kipya. Alfajiri, dakika 20 ni muda mrefu sana kwa samaki.

Saa inayohesabu usingizi ni `CLOCK_BOOTTIME`. Ndani ya kerneli ita `ktime_get_boottime_seconds()`. Piga muhuri wa saa hiyo kila unaposoma kwa mafanikio. Kisha kwenye `resume` futa kipimo cha zamani kabisa, na mpaka usomaji wa kwanza ukamilike rudisha `-ENODATA` kwa anayeuliza. Programu iliyoandikwa vizuri itangoja kidogo na kuuliza tena. Namba isiyojulikana umri wake isimfikie mfugaji.

Kwa sababu hiyohiyo usitumie `delayed_work` kupanga jambo la "baada ya saa moja" ukitarajia usingizi uhesabiwe. Taima yake haisogei mashine ikiwa imelala. Anayetaka kuamshwa kwa saa halisi atumie alarmtimer inayotegemea RTC.

---

bonde_sysadmin

Naomba kuuliza la kiutendaji. Mnajaribuje haya yote bila kwenda mpaka ziwani?

---

ondiek_embedded

Mezani, kwa `pm_test`, kama kerneli imejengwa nayo. `cat /sys/power/pm_test` itakuonyesha viwango: none, core, processors, platform, devices, freezer. Andika `freezer`, kisha `mem` kwenye state: inagandisha, inangoja sekunde 5, inaachilia, haigusi kifaa. Ikishindikana hapo, tatizo ni kama lako la sshfs. Ikipita, panda hadi `devices`. Hapo vifaa vinalazwa kweli lakini prosesa na taima zinaendelea kwa hizo sekunde 5, na kazi yoyote iliyosahauliwa inajitokeza yenyewe kwenye dmesg. Kwa kuwa draiva yetu husoma kila sekunde 5, kwa majaribio tuliishusha hadi nusu sekunde ili isiponyoke.

Kisha `platform`, ambacho kinapita hadi `noirq`. Vyote vikiwa safi, rudisha `none` na tumia `rtcwake -m mem -s 30` ndani ya mzunguko, uiache usiku kucha. Washa pia `/sys/power/pm_print_times` uone ni kifaa gani kinachelewesha.

---

nasimiyu_c

Nimerudi. Nimeweka `cancel_delayed_work_sync()` kama ulivyoonyesha na mzani sasa umekwama kwenye `suspend`. Nashika `mutex_lock(&m->kufuli)` mwanzoni mwa `suspend`, nafuta kazi, nazima mzani, naachia.

---

mlezi_wa_draiva

Na kazi yenyewe inashika `m->kufuli` ndani yake, sivyo? Basi `suspend` imeshika kufuli na inaingoja kazi imalize, na kazi inangoja kufuli. Futa kazi kwanza bila kushika chochote, halafu shika kufuli uzime mzani. Ukijenga kerneli na `CONFIG_PROVE_LOCKING`, lockdep (kikaguzi cha kufuli cha kerneli) itakuonyesha mgongano huo hata kabla haujatokea.

---

nasimiyu_c

Imelala na kuamka vizuri. Swali la mwisho: mzani una pini ya katizo (interrupt) inayoita `mod_delayed_work()` mzigo ukibadilika. Baada ya kufuta, katizo haliwezi kuirudisha kazi?

---

mlezi_wa_draiva

Linaweza, na ndiyo kazi ya ile alama ya `imelala`: kishughulikia katizo kiisome na kisipange kitu ikiwa kweli. Lakini alama peke yake inaacha upenyo mdogo, katizo likiwa limeisoma kabla hujaibadilisha na kupanga kazi baada ya wewe kufuta. Ita `disable_irq()` kabla ya kufuta. Inangoja vishughulikia vinavyoendelea viishe. Kwenye `resume` washa mzani kwanza, halafu `enable_irq()`.

Kama unajenga kwa kerneli 6.10 kwenda juu, kuna njia safi zaidi: `disable_delayed_work_sync()`. Inafuta, inangoja, na yeyote atakayejaribu kuipanga tena anakataliwa mpaka uite `enable_delayed_work()`. Kumbuka kuiruhusu hakuipangi. Lazima uipange mwenyewe baada ya hapo. Na kama mzani ndio unaotakiwa kuiamsha mashine, usilizime katizo, tumia `enable_irq_wake()` na uache `disable_delayed_work_sync()` ikulinde. Ukimaliza, weka `suspend` na `resume` zako hapa tuzipitie.